Paka analinda gunia, nani atalilinda gunia dhidi ya paka?

NGAGARA, Bujumbura — Jioni, soko la Ngagara II linapofungwa, lile ambalo Bujumbura nzima inaliita Cotebu kwa jina la kiwanda cha nguo kilicho jirani, si mzigo wote usiouzwa unaolala sokoni. Maharage yaliyoshuka kutoka milimani, mchele wa bonde la Imbo, unga wa muhogo na ndagala wa Ziwa Tanganyika, sehemu yake huishia chumba cha nyuma cha nyumba ya mtu, vikisubiri mteja wa kesho au gari la kwenda Gatumba na kuvuka hadi Uvira.

Katika vyumba vya namna hiyo huwa kuna mlinzi asiyedai mshahara. Waswahili husema paka akiondoka panya hutawala, na aliyewahi kukuta gunia limetobolewa chini hahitaji kufafanuliwa methali hiyo. Paka, akayabu kwa Kirundi, hapa hafugwi kwa kubembelezwa tu. Anafugwa kwa kazi.

Anayemchukua paka hujiuliza mapema atakula nini. Swali la atajisaidia wapi huja baadaye, na mara nyingi huja kwa njia ya harufu. Hilo ndilo lenye hasara. Paka akitaka kujisaidia hutafuta kitu kikavu, kilicholegea, kinachofukulika kwa mguu, afukue, amalize, afukie. Kwake yeye gunia la mchele lililoachwa wazi, maharage yaliyoanikwa sakafuni na rundo la mchanga ni kitu kimoja. Asipopewa mchanga wake, atatumia mali ya mwenye nyumba, na atafanya hivyo kwa usafi kabisa, akifukia vizuri, ili mwenye mali asijue mpaka mteja aingize mkono.

Paka wa kijijini huenda shambani au kichakani. Ngagara ni mji. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1950 na shirika la makazi la serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, Office des Cités Africaines, na ndiyo maana wazee bado wanauita OCAF. Nyumba zilipangwa kwa safu, kartiye zikapewa namba. Baada ya soko kuu la Bujumbura kuungua tarehe 27 Januari 2013, wachuuzi wengi walihamia Cotebu, na biashara ikasogea karibu zaidi na milango ya nyumba. Mahali ua uliposakafiwa saruji na chumba kikageuzwa ghala, paka hana udongo wa kufukua. Ana saruji, na ana magunia.

Mkojo mmoja, gunia zima

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, mnyama wa nchi kavu ambaye mwili wake umezoea kubana maji. Kwa hiyo mkojo wake ni mzito na una yurea nyingi. Yurea ikivunjwa na bakteria hutoa amonia, ile harufu inayochoma pua. Gunia la katani hunyonya mkojo kama kitambaa. Gunia la plastiki iliyosukwa huupitisha kwenye matundu yake. Kesho yake gunia limekauka kwa nje, lakini ndani harufu imeshakaa.

Kwa anayeuza kwa kipimo hapo hapo mtaani, hasara huenda ikawa kilo chache. Kwa anayevusha mzigo, hesabu ni nyingine. Kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, EAS 2, kinataka mahindi yasiwe na harufu ngeni, ukungu, wadudu walio hai wala kinyesi cha panya, na unyevu usizidi asilimia 13.5. Orodha hiyo ikisomwa kwa jicho la mwenye paka inafundisha: paka anasaidia kuondoa kinyesi cha panya, lakini asipotunzwa analeta harufu ngeni, na palipolowa panaalika ukungu. Kuigundua harufu hakuhitaji maabara. Mkaguzi anafungua gunia na kunusa, na mnunuzi wa jumla upande wa pili wa mpaka anafanya vivyo hivyo.

Je, si afadhali sumu? Wengi wameijaribu. Tatizo ni kwamba panya aliyekula sumu haanguki papo hapo; huzunguka, akafia ndani ya magunia, au akaliwa na paka ambaye naye hudhurika au hufa. Vidonge vya kufukizia nafaka vya alumini fosfaidi ni hatari zaidi: hutoa gesi ya fosfini, ambayo imewahi kuua watu waliolala karibu na ghala. Katika nyumba ambamo ukuta mmoja tu unatenganisha magunia na kitanda cha watoto, hilo si jambo la kujaribu.

Hata hivyo paka asipewe sifa asizostahili. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia kwa kamera paka na panya katika kituo cha taka huko Brooklyn, New York. Kwa siku 79 paka waliua panya wakubwa wawili tu. Panya wakubwa walijificha zaidi paka walipokuwepo, lakini hawakwisha. Paka ni hodari kwa panya wadogo na makinda. Kwa hiyo matundu ya ukutani bado yazibwe, magunia yawekwe juu ya chaga mbali kidogo na ukuta, na chakula kilichomwagika kifagiliwe. Kwa ndagala hakuna mjadala: kumwachia paka ghala la ndagala ni kumkabidhi fisi bucha.

Hatari isiyonuka

Wengi wa wanaobeba mizigo midogo kati ya nchi na nchi katika ukanda huu ni wanawake, na wanawake hao hao ndio wanaofagia ghala. Hapo ndipo kinyesi cha paka kinapoacha kuwa suala la harufu tu.

Kuna kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii ambacho huzaliana ndani ya utumbo wa paka. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, maana yake paka wa ghala, kwa kazi yake yenyewe, yuko njiani mwa kimelea hiki. Akiambukizwa kwa mara ya kwanza hutoa mayai yake kwenye kinyesi kwa muda wa wiki moja hadi tatu hivi, kisha kwa kawaida huacha. Mtu mzima mwenye afya akiyameza mara nyingi hata hajui kama aliugua. Mjamzito anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kupoteza mimba, au mtoto akazaliwa na madhara ya ubongo na macho. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, kwa mfano mwenye virusi vya ukimwi asiyetumia dawa, kimelea hiki kinaweza kushambulia ubongo.

Jambo la kushika ni hili: mayai hayo hayaambukizi yakiwa mapya. Huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili wa paka ndipo yapate nguvu ya kuambukiza. Yakishapata nguvu, yanaweza kukaa hai kwenye udongo wenye unyevu kwa zaidi ya mwaka. Kinyesi kinachoondolewa kila siku, basi, huondolewa kabla hakijawa hatari. Kinachoachwa wiki nzima kwenye kona ya ghala, kikakauka na kufagiliwa pamoja na vumbi la maharage, ndicho cha kuogopwa.

Hii haimaanishi mjamzito amfukuze paka. Watu wengi hupata kimelea hiki kwa nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa, bila kumgusa paka yeyote. Maana yake ni kwamba kazi ya kusafisha beseni apewe mtu mwingine wa nyumba kwa miezi yote ya ujauzito. Ikishindikana kabisa, avae glavu, asafishe kila siku, kisha anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Mume anayesema hiyo si kazi yake aonyeshwe aya hii.

Mchanga wa dukani na ule wa mlangoni

Mchanga wa paka unaouzwa kwenye mifuko ya rangi ulianza na mfanyabiashara mdogo. Mwaka 1947, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, kijana Edward Lowe alikuwa akifanya kazi katika biashara ya baba yake, iliyouzia viwanda vumbi la mbao na udongo mkavu wa kunyonya mafuta yaliyomwagika. Ilikuwa majira ya baridi. Jirani yake, ambaye mchanga wake ulikuwa umeganda kwa barafu, alikuwa amejaribu kumwekea paka majivu, na nyumba nzima ikajaa nyayo nyeusi. Akaomba mchanga, Lowe akampa ule udongo wa kunyonya mafuta. Jirani alirudi kutaka mwingine. Lowe akafungasha mifuko ya ratili 5, akaiandika Kitty Litter, akataka iuzwe senti 65. Mwenye duka alimcheka, kwa kuwa mchanga wa kawaida ulikuwa karibu bure. Lowe akamwambia agawe mifuko ile bure kwanza. Waliopewa bure walirudi na fedha mkononi.

Miaka ya 1980 likaja badiliko la pili: udongo wa bentonaiti, ambao ukilowa hujikusanya kuwa bonge. Bonge huchotwa, mchanga uliobaki unaendelea kutumika. Huo ndio unaopendwa leo katika nchi nyingi, na una sifa za kweli: unazuia harufu vizuri na kusafisha kwake ni rahisi. Una kasoro pia. Paka wachanga wa chini ya miezi miwili hivi wasiwekewe, kwa sababu huuramba na unaweza kuvimba tumboni. Vumbi lake halifai kifua. Na kamwe usimwagwe chooni, kwa sababu utafanya ndani ya bomba kile kile unachofanya ndani ya beseni.

Kwa mwenye ghala Ngagara kasoro kubwa ni uzito. Chukua beseni la sentimeta 40 kwa 30, lijazwe kina cha sentimeta 5. Hiyo ni lita 6. Lita 6 za udongo wa bentonaiti ni takriban kilo 6, na lita 6 za mchanga wa mto zinakaribia kilo 10. Lita 6 za vumbi kavu la mbao ni kilo moja na kidogo. Anayejua bei ya kusafirisha kilo moja kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Bujumbura, kwa lori kupitia Kobero au kwa meli kutoka Kigoma, anaona mara moja kwa nini mfuko wa udongo kutoka ng'ambo hufika ukiwa ghali: mteja analipia lori kuliko anavyolipia udongo. Na kitu hicho kikishafika, kazi yake ni kukojolewa.

Vilivyopo karibu si vibaya, mradi kila kimoja kijulikane tabia yake.

*Vumbi la mbao na maranda.* Karakana za mafundi seremala hazikosi. Hunyonya vizuri, ni mepesi, na harufu ya mbao hufunika ya amonia kwa siku chache. Yachekechwe ili kuondoa vumbi jembamba kabisa linalompiga paka chafya. Yasichukuliwe yaliyotoka kwenye mbao zilizopakwa rangi, varnishi au dawa ya mchwa, kwa sababu paka hujiramba miguu.

*Maganda ya mpunga.* Mashine za kukoboa za bonde la Imbo huyatoa kwa wingi. Ni makavu na paka huyafukua kwa furaha, lakini ganda la mpunga lina ngozi ngumu yenye silika, kwa hiyo halinyonyi sana. Mkojo hupita ukatua chini. Yachanganywe nusu kwa nusu na vumbi la mbao. Na kuna tahadhari moja kwa muuza mchele: paka aliyezoea maganda ya mpunga asiachwe karibu na mpunga wenyewe.

*Magunzi ya mahindi.* Yakikaushwa vizuri na kupondwapondwa hunyonya sana. Yenye ukungu yatupwe.

*Mchanga wa mto.* Mchanga unaochotwa kwenye mito kama Ntahangwa kwa ajili ya ujenzi ndio paka anaoupenda kwa asili. Kasoro zake ni uzito, na kwamba haunyonyi: mkojo huzama chini na kukaa pale. Rundo lililokaa wazi huenda limeshatumiwa na paka wa mtaa mzima, kwa hiyo uoshwe na uanikwe kwanza juani. Paka anayefundishwa kuacha kutumia ua huanzia hapa, kisha achanganyiwe maranda kidogo kidogo.

*Majivu.* Yule jirani wa Michigan alishamaliza hoja. Majivu yakilowa huwa makali kama magadi, huchubua nyayo, na paka huyatawanya nyumba nzima. Mkono mmoja wa majivu yaliyopoa chini ya maranda hupunguza harufu; zaidi ya hapo ni usumbufu.

*Gazeti.* Lililochanwa vipande vyembamba hufaa kwa paka mchanga au aliye na kidonda mguuni. Hata hili, likishasomwa.

Anayesita kati ya viwili ana kipimo rahisi kisichohitaji mtaalamu. Jaza glasi mbili zinazofanana, moja kwa kila kitu, mimina kwenye kila glasi maji robo glasi, subiri dakika 10, kisha ziinamishe. Inayotoa maji kidogo ndiyo inayonyonya zaidi. Baada ya hapo apewe paka kura yake: mabeseni mawili kando kwa kando kwa wiki moja, kila moja na mchanga wake. Atakalotumia mara nyingi zaidi ndilo lake. Mchanga wa bei nafuu ambao paka anaukataa ni ghali, kwa kuwa atarudi kwenye magunia. Kwa sababu hiyo hiyo vitu vya manukato vikwepwe. Pua ya mwenye nyumba huvipenda, ya paka huvikimbia.

Beseni ngapi, wapi, lini

Beseni si lazima linunuliwe. Dumu la lita 20, bidoni kama linavyoitwa mjini Bujumbura, likilazwa ubavu na kukatwa upande wa juu hutosha paka wa kawaida, mradi halikubeba sumu wala mafuta ya gari. Chombo kizuri kina urefu wa mara moja na nusu ya mwili wa paka bila mkia, ili aweze kugeuka. Paka mzee au mchanga akatiwe mlango wa chini upande mmoja.

Kuhusu idadi, kanuni ya madaktari wa mifugo ni beseni moja kwa kila paka, na moja la ziada. Paka wawili, mabeseni matatu. Kwa mwenye chumba kimoja hilo huonekana ni anasa, lakini paka wakigombania choo, anayeshindwa huhamia kwenye mzigo.

Mahali ndipo wenye ghala hukosea zaidi. Beseni huwekwa katikati ya magunia kwa kudhani paka akae kazini. Liwe nje ya chumba cha mzigo, kwenye kona tulivu ya baraza au ya ua uliofunikwa na mvua, mbali na sahani yake ya chakula, mbali na jenereta na mlango unaogongwa kila dakika. Usiku ghala likifungwa na paka akiwa ndani, liwepo moja ndani, karibu na mlango, mbali na chaga, na litolewe asubuhi kabla ya kugusa mzigo. Magunia yafungwe midomo kila jioni bila kujali uchovu. Nafaka inayoanikwa iwe na mtu wa kuitazama.

Paka mdogo hujifunza haraka. Awekwe kwenye beseni kila akiamka na kila akimaliza kula, kwa siku chache. Kumpaka pua kwenye uchafu wake au kumpiga humfundisha jambo moja tu, kujificha anapojisaidia, na mahali pa kujificha ni nyuma ya magunia. Mchanga ukibadilishwa, ubadilishwe kwa robo robo kwa wiki moja au mbili.

Usafi una ratiba mbili. Kila siku: kinyesi na sehemu iliyolowa zichotwe kwa kijiko cha zamani kisichorudi jikoni, na kina kijazwe tena. Kwa maranda na maganda, mara moja kwa wiki au kabla: kila kitu kimwagwe, beseni lioshwe kwa sabuni na maji ya moto, lianikwe juani mpaka likauke.

Na hapa ipo tahadhari isiyofaa kupuuzwa. Javeli isimwagwe kwenye beseni lenye mkojo. Javeli ikikutana na amonia hutoa gesi yenye sumu inayoweza kuumiza mapafu, na chumba kidogo kisicho na dirisha hakisamehi. Maji na sabuni kwanza, suuza mpaka harufu iishe. Beseni la paka halihitaji zaidi ya hapo. Palipokojolewa sakafuni pasuguliwe kwa sabuni, kisha siki iliyochanganywa na maji, kisha pakaushwe. Harufu ikibaki, paka atapasoma kama kibao cha choo.

Uchafu wenyewe ufungwe kwenye mfuko uende na taka za nyumba kuelekea jalala la Buterere. Mwenye ua wa udongo anaweza kuchimbia, kina cha nusu mita hivi, mbali na kisima na mbali na lengalenga. Usitumike kama mbolea ya mboga, hata kama ni maranda matupu kwa macho. Mifereji nayo isiwe jibu: hubeba kila kitu hadi mitoni, na mito ya Bujumbura huishia Ziwa Tanganyika, ambako ndagala wanavuliwa.

Beseni ni daftari

Mfanyabiashara husoma daftari lake kila jioni. Beseni nalo husomeka. Kinyesi cha maji, damu, au minyoo inayoonekana kama punje za mchele ni habari za kupelekwa kwa daktari wa mifugo. Paka dume anayeingia beseni mara kwa mara, akachuchumaa, akalia, na mchanga ukabaki mkavu, huenda njia yake ya mkojo imeziba. Hilo halisubiri siku ya soko. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Dume anayerushia mkojo kwenye kuta na magunia akiwa amesimama hana ubaya na beseni, anaweka mipaka. Dawa yake ni kuhasiwa, ambako kwa dume wengi hupunguza tabia hiyo sana au kuimaliza. Aliyehasiwa anaendelea kuwinda.

Mpakani

Wapo wanaohama na paka, hasa anayefungua duka upande wa pili. Mnyama hai si mzigo wa kawaida. Nchi za ukanda huu hutaka mnyama anayevuka awe na cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali na chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka pia huupata na kuwapa watu kwa kuuma. Masharti yaulizwe kabla ya safari.

Anayefikiria kuufanya mchanga wa paka biashara naye ana la kupima. Mifuko inayotoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa pamoja wa forodha, ambao tangu Julai 2022 una ngazi nne za asilimia 0, 10, 25 na 35. Ngazi inategemea bidhaa imeainishwaje, na wakala wa forodha huulizwa hilo kabla ya fedha kutoka. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo, ule wa cheti rahisi cha uasilia kwa mzigo usiozidi dola 2,000, hauisaidii mifuko hiyo, kwa kuwa ni wa bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa.

Lakini malighafi ndani ya Jumuiya ipo. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, huchimbwa dayatomaiti, udongo mweupe mwepesi unaonyonya sana, wa jamii inayotumika kutengeneza mchanga wa paka kwingineko duniani. Maganda ya mpunga yapo Imbo, na yapo Tanzania na Uganda. Vumbi la mbao liko kila penye msumeno. Lowe hakugundua udongo mpya. Aliuweka kwenye mfuko kitu ambacho wengine walikitumia kufutia mafuta.

Kwa mwenye chumba cha nyuma Ngagara, hata hivyo, biashara ya kwanza ni kulinda ile aliyo nayo. Jioni hii, kabla ya kuzima taa: dumu lililokatwa, maranda sentimeta 5 kutoka kwa seremala wa mtaa, kona tulivu nje ya mlango wa ghala, midomo ya magunia imefungwa, na mtu mmoja wa nyumba, asiye mjamzito, ameambiwa wazi kwamba asubuhi kijiko ni chake. Paka ataingia kazini kama kawaida. Na gunia litakalopanda gari la Gatumba kesho litafunguliwa upande wa pili, linuswe, na linuke maharage.